Mistari Saba Iliyopungua

Jumanne, 3 Machi

Mama ameamua. Mama akiamua, sisi wengine tunagawiwa kazi tu. Tarehe ishirini na moja mwaka unatimia tangu Baba atutoke. Ndugu wote watakuja, na kila mmoja ataondoka na kitabu cha mashairi ya Baba mkononi. Kitabu hicho hakipo. Kilichopo ni daftari moja la fundi seremala, vipimo vya makabati ya watu upande huu, mashairi upande ule, gundi ya mbao kila ukurasa. Nikichape mimi, kwa sababu nafanya kazi kwa wachapaji. Niandike na dibaji pia. "Wewe si unasoma kwa mshahara?"

Kweli, nasoma kwa mshahara. Miaka ishirini na miwili msomaji prufu. Vikaratasi vya dawa, kalenda, lebo za mifuko ya saruji. Nasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo — neno la mwisho kwanza, kisha la nyuma yake — ili maana isinichezee. Ukishaielewa sentensi jicho linateleza, kosa linapita limenyanyua kichwa. Kiwandani wananiita Bi Nukta. Wanadhani sijui.

Na mtu kama huyo ndiye aeleze mashairi! Basi nimejiandikisha darasa la kusoma mashairi pale maktaba, kila Jumanne jioni baada ya kazi. Wanafunzi watatu: mimi, mfamasia mstaafu mwenye madaftari manne mapya, na mama mmoja aliyekuja, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu maktaba kuna kiyoyozi.

Mwalimu nimeshampa jina: Bi Polepole. Saa nzima, mstari mmoja. Mmoja! Kwa nini mshairi kasema mlango, hakusema nyumba? Mfamasia akajibu kwamba mlango ni kitu cha kuchagua, unafunga au unafungua. Akasifiwa. Mimi nikasema labda alikuwa mlangoni. Nikatazamwa kwa huruma.

Kazi ya kwenda nayo nyumbani: mstari mmoja, usomwe mara kumi. Lebo ya saruji naisoma mara mbili, na hakuna ghorofa iliyoanguka kwa ajili yangu.


Jumatano, 4 Machi

Nimechapa daftari zima, mchana huu, meneja akijifanya haoni. Mashairi ishirini na matatu. Nakiri: mzee alikuwa safi. Kila mstari mizani kumi na sita, nane na nane, vina vimekaa mahali pake. Ni kama droo zake, unasukuma kwa kidole zinaingia.

Isipokuwa shairi moja. Linaitwa "Meza". Lina beti saba, na ubeti wa kwanza ni huu:

Meza hii ya mninga, nimechonga kwa mkono,
Miguu nimeipanga, haina wake mfano,
Kiti kimoja natenga, njoo tupe neno,
Nyumba yangu ina watu, hesabu haitimii.

Hesabu mstari wa tatu. Kumi na nne! Nikafikiri amesinzia. Ubeti wa pili, mstari wa tatu — kumi na nne. Wa tatu vivyo hivyo. Beti zote saba, mstari ule ule, mizani mbili zimepotea. Uzee, nikasema. Au ile dawa ya presha.

Nimemtibu. Ni kazi ya dakika kumi. "Basi njoo tupe neno." "Kweli mlango u wazi." "Kamwe hazishiki kutu." Nikaweka na "tena", na "hasa", na "sana", na "leo". Maneno saba, mizani mbili mbili, yameingia bila nyundo. Hata Baba mwenyewe asingejua ni wapi nimetia kiraka. Daftarini kuna na vialama vya penseli pale pale, vidogo, kama inzi kakanyaga wino. Nimeviruka. Uchafu.

Nimefurahi kupita kiasi. Nilikuwa sijawahi kumsahihisha Baba akiwa hai.


Jumanne, 10 Machi

Darasani nimejitapa. Kosa la kwanza.

Bi Polepole aliuliza nani amesoma nini wiki hii. Mfamasia alisoma mstari wake mara kumi, na ana kurasa sita za maelezo. Mama wa kiyoyozi aliusoma mara moja akalia, akaacha. Mimi nikasema nimerekebisha shairi bovu la marehemu baba yangu, nikaeleza na namna.

Mfamasia akaacha kuandika.

"Alipungukiwa mara ngapi?" Mara saba. "Mahali tofauti tofauti?" Hapana, mstari wa tatu, mwanzo wa kipande cha pili, kila ubeti. "Na mistari mingine mia ngapi sijui, haikupungua?" Haikupungua. Akavua miwani akaifuta. Akasema mtu akijikwaa mara moja, amejikwaa. Akijikwaa pale pale mara saba, wewe msomaji kaa chini utazame pale pana nini.

Kisha akaniuliza swali la kitoto kabisa. Huyu anayeambiwa "njoo" ni nani?

Nikasema ni mgeni. Mgeni gani? Mgeni yeyote. Mfamasia — nani alimwuliza? — akasema mtu hamtengei mgeni yeyote kiti, mgeni yeyote anakaa popote. Nimekwambia huyu mzee ananikera.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimenuna njia nzima. Nilikwenda kujifunza dibaji, nimefunguliwa mashtaka.


Jumatano, 11 Machi

Nimemsomea Mama prufu. Macho yake siku hizi hayasomi, ila masikio yanasikia hadi sufuria ya jirani ikichemka. Alikuwa anachagua mchele. Shairi la kwanza, kichwa kinatikisika. La pili, la tano, vizuri. Nikafika "Meza".

"Basi njoo tupe neno."

Mkono ukasimama juu ya sinia. Akasema hiyo "basi" si ya baba yako. Nikamwambia mstari ulikuwa mfupi, Mama. Akasema baba yako hakuwahi kukata ubao mfupi miaka hamsini, aje kukata neno?

Nikamwuliza basi anayeitwa hapo ni nani. Akasema mchele una mawe mengi safari hii. Hauna. Nilinunua mimi, wa pakiti.


Ijumaa, 13 Machi

Nimetia saini: SAHIHI, CHAPA. Nakala sitini. Fundi wa mashine amechukua. Maswali ya Bi Polepole hayalipiwi mshahara, na Jumamosi ijayo haisogei mbele kwa sababu mfamasia ana maoni.

Dibaji bado. Nimeandika "Marehemu alikuwa mtu wa watu." Nikaifuta. Hakuwa.


Jumapili, 15 Machi

Sikuwa na nia mbaya. Nilikaa na daftari baada ya chakula cha mchana, nipate japo sentensi mbili za dibaji. Nikasema haya, leo nasoma kama binadamu, kutoka mwanzo, kwa sauti, kama alivyoandika mwenyewe. Mara kumi, tumfurahishe Bi Polepole.

Mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya tatu, hakuna kitu, koo tu. Mara ya tano nikaanza kusimama pale penye upungufu bila kutaka. Mdomo unafika pale unangoja. "Kiti kimoja natenga..." — unangoja — "...njoo tupe neno." Ni kama kupanda ngazi iliyotolewa kidaraja kimoja. Mguu unajua kabla yako.

Nikafika ubeti wa tano, mstari wa tatu. Patasi zako natunza, hazishiki kutu.

Nimeusoma mstari huu wiki nzima. Nimeuchapa, nimeutia "kamwe", nimeutia saini. Patasi ZAKO. Za nani? Nyumba hii nzima, mbali na Baba, nani aliwahi kuwa na patasi?

Daftari lilinidondoka, sioni haya kusema.

Dada yangu. Mkubwa wangu kwa miaka minne. Baba mwenyewe ndiye aliyempa lile jina, Nyuki, kwa sababu alikuwa hatulii, na ukimgusa anauma. Alilelewa karakanani. Akiwa na miaka kumi na sita anaunga droo kuliko mafundi wenye ndevu. Sote tulijua karakana ni yake. Siku ya kugawa, Baba akampa binamu yetu, kwa sababu binamu ni mwanaume, na karakana "haiwezi kwenda kuolewa". Dada akasema aliyoyasema. Baba akasema jina hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba hii. Halikutajwa. Miaka kumi na moja! Mimi nilikuwa mtiifu wa kwanza. Binamu akadumu na karakana miezi tisa; sasa ni duka la makava ya simu.

Nyu-ki. Mizani mbili. Nimehesabu kwa vidole, mimi, mtu mzima.

Kiti kimoja natenga, Nyuki, njoo tupe neno. Patasi zako natunza, Nyuki, hazishiki kutu. Inaingia kote saba, kama imepigiwa randa.

Kwa hiyo mzee aliweka amri yake mpaka kwenye karatasi. Hakulitaja. Ila alikataa kuziba mahali pake. Na mimi, mwanawe msomi, nikapaziba — kwa "basi"! Kwa "sana"!

Nina hasira naye. Kwa nini hakupiga simu, mzee wewe? Kalamu unayo, simu unayo, unakaa unamtengea mtu kiti ndani ya daftari la vipimo, nani akione? Nimelia pia. Mama aliuliza kama ni mafua. Nikasema ni mafua.


Jumapili, bado

Na nisijifanye mtakatifu. Mwaka jana, asubuhi ile, Mama aliniambia nimpigie dada. Niliogopa sauti yake. Nikatuma ujumbe. "Baba amefariki asubuhi hii. Maziko ni leo saa kumi." Mji wake ni safari ya siku nzima. Ujumbe haukuwa na kosa hata moja. Niliusoma mara mbili kabla ya kutuma.

Hakujibu. Nilijisemea ana moyo mgumu.


Jumatatu, 16 Machi

Nimefika kiwandani kabla ya mlinzi. Nikamkuta fundi wa mashine anapanga vitabu sitini kwenye boksi, vimeshonwa, vimekatwa, vinanukia wino. Jumamosi alikuwa na nafasi, akaona anifanyie wema. Lini mtu huyu aliwahi kumaliza kazi mapema? Kalenda za mwaka jana tulizipata Februari.


Jumanne, 17 Machi

Darasani sikutaka kusema. Nimesema yote. Bi Polepole hakuniambia "nilikwambia", jambo ambalo limeniumiza zaidi. Mfamasia amefunga daftari lake, la kwanza kati ya manne, akasema pole. Nimeanza kumpenda yule mzee. Ni aibu.

Niliuliza: sasa nichape nini? Niache pengo, au nitie jina? Bi Polepole akasema kusoma ni kazi yake, hilo lingine ni la familia yangu. Mshahara wa walimu hawa ni wa bure kabisa.


Jumatano, 18 Machi

Mazungumzo na meneja, nayaandika ili nisisahau nilivyodhalilika.

Nilimwomba tutoe karatasi moja katika kila kitabu, tubandike nyingine. Akauliza kosa liko wapi. Nikasema halipo, ndiyo shida, mistari imekuwa kamili. Akaweka kalamu chini.

"Miaka ishirini na miwili unanisimamishia mashine kwa koma. Leo unataka nisimamishe ili tuweke upungufu?"

Ndiyo, bosi.

"Bi Nukta, unaumwa?" — kumbe naye!

Nikamweleza. Kwa ufupi, bila machozi, karibu. Akatazama dirishani. Akasema Ijumaa mashine ya pili haina kazi, karatasi nitumie mabaki, na nisimwambie mtu kwamba kiwanda hiki kinachapa makosa kwa oda.

Jioni nikamwuliza Mama waziwazi. Nilimwambia pengo ni la nani. Hakushtuka hata kidogo! Amejua tangu mwanzo, tangu Baba analiandika. Alikuwa anamsikia anasoma kwa sauti, akifika pale ananyamaza, anagonga meza mara mbili kwa kidole, anaendelea.

Kwa nini hukusema, Mama? "Alisema lisitajwe." Baba hayupo, Mama. "Neno lake lipo."

Basi jina nilichape au nisilichape? Akasema nimpe dawa yake ya macho.


Ijumaa, 20 Machi

Nimechapa pengo. Sikuthubutu jina, na viraka nimevitoa vyote saba. Nafasi nyeupe, pana kama herufi tano, kila ubeti. Fundi wa mashine aliangalia karatasi ya kwanza akataka kuitupa: "Dada, hapa wino umeruka." Nikamwambia haujaruka. Akaangalia ya pili, akaangalia mashine, akaniangalia mimi.

Dibaji pia imepatikana, nimeitia nyuma ya karatasi hiyo hiyo. Kamili ni hii: "Mistari saba humu ni mifupi. Usiirekebishe." Kazi ya wiki tatu. Bi Polepole angesema bado nimekimbia.

Kitu kimoja hakinipi raha. Vile vialama vya penseli. Vimekaa ndani ya pengo, kila pengo kimoja, kimsalaba kidogo ndani ya kisanduku. Si uchafu, sasa naona. Vipo pia upande wa vipimo, kwenye michoro ya viti na makabati. Ni alama ya kazi. Binamu nimempigia, hajui. Bila shaka hajui. Akaniuliza kama nahitaji kava.

Namjua mtu mmoja anayejua.


Jumamosi, 21 Machi

Saa tatu asubuhi. Wageni saa sita. Viti vimeazimwa kwa jirani. Vitabu viko mezani — meza yenyewe, ile ya mninga. Mama anafuta vikombe.

Nimepiga. Nimepiga, sikutuma ujumbe. Andika hilo.

Ilipokelewa na kelele ya randa ya umeme. Kisha randa ikazimwa. "Nani?" Nikasema ni mimi. Nikaogopa atakata, nikarukia swali kama mwizi anayerukia dirisha: Dada, samahani, kimsalaba ndani ya kisanduku, kwenye mbao, maana yake nini?

"Umenipigia baada ya miaka yote hii kuniuliza ufundi?"

Ndiyo, Dada.

Akacheka. Si kicheko kizuri sana, lakini kicheko. Akasema hiyo ni alama ya mzee, hakuna fundi mwingine anayeitumia. Maana yake hapo pasijazwe. Patobolewe, paachwe wazi, kuna kipande kingine kinachongwa kando, kitakuja kuingia hapo. "Ukipaziba umeharibu kiti kizima. Nilipigwa kofi kwa hilo nina miaka tisa. Kwa nini unauliza?"

Sikujua kueleza. Nikaweka simu mezani, nikafungua spika, nikasema ngoja nikusomee. Nikasoma polepole. Mninga, mkono. Miguu, mfano. Sauti yangu ilikuwa inachekesha. "Kiti kimoja natenga..."

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kusimama, nigonge meza mara mbili kama Baba, niendelee. Sikuwahi kugonga.

"Nyuki," akasema Mama.

Nyuma yangu, na kitambaa mkononi. Hakusema kwa nguvu. Alisema kama mtu anayemwita mwingine aje kula, kisha akaziba mdomo kwa kile kitambaa, kana kwamba Baba yuko chumba cha pili.

Simu haikusema kitu. Nilidhani imekatika. Haikukatika, namba za sekunde zinakwenda.

Naandika haya nimekaa hapo hapo, kwa sababu mkono lazima ufanye kitu, na mimi si mtu wa kusema. Dakika ya nne sasa. Upande ule nasikia mtu anavuta kitu cha mbao sakafuni, anakaa. Kisha sauti, ndogo, si ya mtu wa miaka hamsini:

"Mdogo wangu. Mwambie arudie."

Mama amesikia. Anafuta meza. Meza haina kitu. Anafuta pale pale, pale pale, na mimi nimeshika kitabu, kidole kiko kwenye pengo, namngoja.